Uzi Ukiamshwa, Je, Jambo Ulilolingoja Lipo?

Mtahiniwa akiulizwa uzi hufanya nini baada ya kuamshwa, jibu linalomjia haraka ni "unaendelea na kazi". Jibu hilo lina pengo, na pengo hilo likiingia ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, linaweza kuangusha kompyuta nzima.

Kumbuka kwanza kwamba uzi ni mfululizo mmoja wa maagizo unaotekelezwa na kichakataji. Uzi unaohitaji data ambayo haijafika hauna sababu ya kukalia kichakataji bure. Kerneli huuweka kwenye foleni ya wanaongoja, huulaza, kisha humpa mwingine nafasi. Data ikifika, uzi huamshwa.

Sasa angalia mfano huu. Uzi A unataka herufi kutoka kwenye bafa ya kibodi. Unakuta bafa tupu, unalala. Mtumiaji anabonyeza kitufe kimoja. Herufi inaingia na A unaamshwa. Lakini kuamshwa maana yake ni kuhamishiwa kwenye orodha ya walio tayari tu. Zamu ya kichakataji bado. Kabla ya zamu hiyo, uzi B unafika, unakuta herufi, unaichukua. A unapopata zamu, bafa ni tupu tena. Ni kama kuitwa uje kula ukakuta sufuria imeshakwanguliwa.

Kama mwandishi wa programu alitumia if, sharti lilikaguliwa mara moja tu, kabla ya kulala. A utasoma bafa tupu na kuchukua takataka iliyobaki kwenye kumbukumbu. Akitumia while, sharti linakaguliwa upya kila uzi unapoamka:

funga kufuli
while (bafa ni tupu)
    lala
chukua herufi
fungua kufuli

Usipite haraka kwenye neno "lala". Agizo hilo huachia kufuli wakati wa kulala na kulichukua tena wakati wa kuamka. Lisingeachiwa, anayeleta herufi asingeweza kuingia, na wote wangengoja milele. Tena, kuachia kufuli na kuingia kwenye foleni lazima viwe tendo moja lisilokatizwa. Vinginevyo mwito wa kuamsha unaweza kupita kabla uzi haujajiandikisha kulala, nao usiamshwe tena.

Mwaka 1974, C. A. R. Hoare alieleza utaratibu ambamo anayeamshwa hupewa nafasi papo hapo, kwa hiyo if ingetosha. Lugha ya Mesa, iliyotengenezwa Xerox na kuelezwa na Lampson na Redell mwaka 1980, ilichukua njia nyingine: mwito ni dokezo tu, aliyeamshwa akague mwenyewe. Mifumo mingi ya leo hufuata Mesa. Katika Linux, wait_event ina kitanzi hicho ndani yake, hivyo mwandishi haandiki while kwa mkono kila mara.

Hapa ndipo watahiniwa wengi huchanganya mambo mawili. Kitanzi hulinda usahihi. Hakizuii uzi kuamshwa bure. Nyuzi kumi zikiamshwa kwa ajili ya herufi moja, tisa zitakagua na kurudi kulala, na muda wa kichakataji utakuwa umepotea. Ili kupunguza hasara hiyo, Linux huruhusu uzi kungoja kwa namna ya pekee, ili mwito mmoja uamshe mmoja tu kati ya wanaongoja hivyo. Hata huyo mmoja bado anahitaji kukagua sharti.

Jipime: Nyuzi tatu zimelala zikingoja bafa hiyo. Zinaingia herufi mbili, na zote tatu zinaamshwa. Kila uzi huchukua herufi moja. Eleza kitakachotokea kwa uzi wa tatu (a) ikiwa umetumika while. (B) ikiwa imetumika if.