Injini yako isihamie Matopeni

Mtu wa Lindi ukimtajia Matopeni anajua unasema kata ya mjini pale. Watu wanaishi, wanapika, wanaoa na kuolewa, hakuna ubaya wowote. Lakini iko Matopeni nyingine ambayo haimo kwenye ramani ya manispaa. Hiyo iko chini ya boneti ya lile gari unalolipaki kwa mbwembwe pale Mtanda, umelisugua mpaka tairi zinang'aa. Nje bibi harusi, ndani oili imegeuka tope jeusi, zito kama uji ulioungulia chunguni. Na tope hilo linaua injini bila kupiga hodi.

MCHUMBA ALIYETOKA DAR

Tuambizane ukweli. Gari la kwanza la kijana wa kawaida siyo jipya. Lilianzia Japani, likatembea huko miaka yake, likapanda meli, likashuka Dar es Salaam, likala foleni za jiji mpaka likaanza kukohoa. Hapo ndipo mwenyewe anakumbuka kutangaza: "Linauzwa, halina tatizo, ni kuwasha na kuondoka."

Zamani kulileta gari kusini ilikuwa shughuli pevu. Rufiji ulivukwa kwa pantoni pale Ndundu, na masika ikichachamaa barabara haipitiki. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 mambo yakaanza kubadilika. Leo zile kilometa zaidi ya 400 kutoka Dar ni safari ya siku moja, na gari lililomchosha bwana wa Sinza linapata mchumba Mtanda bila taabu.

Mchumba mwenyewe mita inasoma 98,000. Aaah wapi! Mita inarudishwa nyuma, lakini injini haiwezi kurudishiwa ujana. Hivyo usiamini mita, tazama oili.

TOPE LINATOKA WAPI?

Wengi tunadhani kazi ya oili ni kulainisha vyuma tu. Hapana. Oili inalainisha, inapoza na inaosha. Kila petroli inapoungua, moshi kidogo na mvuke wa maji hupenya pembeni ya ringi za pistoni na kushuka chini kwenye oili. Injini iliyotembea sana ringi zake zimelika, kwa hiyo uchafu unaoshuka ni mwingi zaidi. Oili nayo ikipikwa kwenye joto muda mrefu inaharibika, na zile dawa za kuosha zilizomo ndani yake zinaisha nguvu. Hapo uchafu unaanza kuganda kwenye vyuma, kama ukoko wa wali unavyong'ang'ania sufuria.

Safari fupi fupi nazo zina balaa lake. Mtanda hadi stendi, umezima. Stendi hadi sokoni, umezima tena. Injini haijapata moto wa kutosha kukausha ule mvuke, basi maji yanabaki humo humo yakichanganyika na oili.

Halafu kuna huu ugonjwa wa kuongeza bila kumwaga. Oili ikipungua mtu ananunua nusu lita, anamimina, anafunga boneti, anatamba kijiweni kwamba kafanya sevisi. Mshikaji, hiyo ni sawa na kuongeza maji safi kwenye beseni uliyofulia, kisha ukasema umebadilisha maji!

USIDANGANYWE NA RANGI

Oili kuwa nyeusi peke yake siyo ugonjwa. Ya injini ya dizeli inaweza kuwa nyeusi siku chache tu baada ya kumwaga, na hiyo maana yake inaosha. Cha kuogopa ni uzito na mabonge. Injini ikiwa imepoa na imezimwa, fungua kifuniko unapomiminia oili, mulika tochi ndani. Ukiona vyuma vya rangi ya chai, hali si mbaya. Ukiona kitu kama grisi nyeusi kimelala mapajani mwa vyuma, ujue umefika Matopeni.

Ukiona povu jeupe kama chai ya maziwa chini ya kifuniko, hapo uwe makini. Likiwa kidogo huenda ni mvuke wa zile safari fupi. Lakini kama hata oili ya kwenye kijiti cha kupimia ina rangi hiyo, na maji ya rejeta yanapungua, muulize fundi habari za gasketi ya hedi kabla hujaongea habari za kuosha.

Na ile taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi siyo pambo la Krismasi. Ikiwaka unatembea, paki pembeni, zima injini hapo hapo. Usiseme "nifike nyumbani kwanza". Chini ya injini, ndani ya sampo linalobeba oili, kuna chujio la pampu. Tope likiliziba, oili haipandi juu, beringi za kranki zinasagana kavu, na injini inanoki. Mwendo wa kutoka Mitwero hadi Mtanda unatosha kabisa kuiua.

HATA TAKO LA NYANI LILIUMBUKA

Msifikiri haya ni ya magari ya maskini. Zile Harrier za mwanzo, ambazo wabongo tumezibatiza jina la tako la nyani, Marekani ziliuzwa kama Lexus RX 300. Injini mbili za Toyota za miaka ile, 1MZ-FE na 5S-FE, ambazo zote zilifungwa kwenye baadhi ya Harrier hizo, zilizua kesi kubwa huko kwa sababu ya tope. Wenye magari walilia kwamba injini zinakufa mapema, kampuni ikasema watu hawabadilishi oili kwa wakati. Mwaka 2002 Toyota ikatangaza mpango wa kutengeneza injini zilizoathirika, kwa magari zaidi ya milioni 3 ya miaka ya 1997 hadi 2002. Hata hivyo kesi ilifika mahakamani na kumalizwa kwa maelewano mwaka 2007.

Sasa jiulize. Kama tope liliwatoa jasho wenye gari jipya na risiti za sevisi mkononi, wewe uliyenunua la mkono wa tatu una ubavu gani wa kupuuza?

MAFUTA YA TAA YANAPONZA

Ukifika gereji na kilio hiki, hutakosa bingwa mmoja wa kukwambia, "Bosi, leta mafuta ya taa lita mbili, tunamimina humo, tunawasha, tunaosha fasta." Kataa kwa heshima zote. Mafuta ya taa ni mepesi, hayana uwezo wa kubeba uzito wa vyuma vinavyozunguka. Dizeli nayo ndugu yake. Baya zaidi, yanabandua tope kwa mabonge, mabonge yanashuka kwenye sampo, yanaziba lile lile chujio tulilolisema. Umeingia gereji na gari linalotembea, unatoka unavutwa kwa kamba.

Tope halikuja siku moja, haliwezi kutoka siku moja. Kama ni jepesi, washa injini ipate moto, mwaga oili yote, weka filta mpya na oili nzuri ya uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Tembea kilometa 1,000 tu, mwaga tena, na filta nyingine mpya. Rudia baada ya 1,500. Oili mpya italamba uchafu taratibu na kuutoa nje. Baadaye shikilia kila kilometa 3,000. Ile dawa ya kuoshea injini ya madukani inafaa kwa tope jepesi tu. Fuata dakika zilizoandikwa kwenye kopo, injini iungurume ikiwa imesimama, usiende nayo mjini.

Kama ni zito, hakuna njia ya mkato. Fundi ashushe sampo, atoe chujio, aling'oe tope kwa mkono na kuosha vyuma nje ya injini kwa dizeli, siyo petroli, maana hapo gereji hakosi mvuta sigara. Afungue na tapeti kava juu, azibe matundu kwa kitambaa kabla ya kukwangua. Kile kivalvu kidogo ambacho injini inapumulia nacho kisafishwe au kibadilishwe, kwani kikiziba tope linarudi. Wakati wa kufunga, gasketi ya tyubu ipakwe kiasi. Ikizidi inamenyekea ndani na kwenda kuziba chujio jipya. Na injini iliyokwisha kunoki haioshwi ikapona, hiyo inataka kufunguliwa yote.

Oili chafu usiimwage mtaroni. Lindi iko mdomoni mwa bahari, mvua moja tu inaisomba hadi kwenye mikoko na kwa samaki unaowala jioni. Iweke kwenye dumu. Nanyi mafundi, kaka zangu, nawaeni kwa sabuni. Oili chafu ikizoea ngozi miaka nenda rudi inaweza kuleta saratani.

Najua utasema mkwanja hamna. Lakini ile Noah ya kukodi ndiyo inayolipa ada ya mdogo wako na kununua unga wa nyumbani kwenu. Galoni la oili na filta yake haviwezi kufikia bei ya injini mtumba kutoka Dar, ukijumlisha usafiri, fundi, na wiki mbili za kukaa kijiweni bila hesabu huku mama anauliza mbona kimya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wazee walishasema.

Basi Jumapili hii, kabla hujashika sabuni kuosha bodi, fungua boneti kwanza. Mulika. Halafu ndio uamue kama jioni unaenda kwa shemeji yetu au kwa fundi. Tukutane wiki ijayo!