Hita ya Umeme Ndani ya Kitalu Nyumba: Kinga ya Miche kwa Baridi ya Mbozi

Sakitu, yaani umande unaoganda juu ya majani, huja usiku mkavu usio na upepo wala mawingu. Ardhi hupoteza joto lake moja kwa moja kwenda angani kwa kuwa hakuna wingu la kulizuia. Hewa iliyo karibu na ardhi hupoa, huwa nzito, kisha huteremka taratibu na kutuama mabondeni. Ndiyo maana bustani iliyo mtelemkoni huweza kusalimika ilhali ya jirani, meta mia mbili tu kuelekea mtoni, imekauka majani kama iliyomwagiwa maji ya moto. Kipindi cha hatari ni kipupwe, Juni hadi Agosti, na saa mbaya kuliko zote ni kuanzia saa kumi alfajiri hadi jua linapochomoza.

Mkoa wa Songwe, ilimo wilaya ya Mbozi na uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, hauna baridi ya aina moja. Kamsamba, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, ni nchi ya joto. Hita huko haina kazi. Tunduma, Vwawa na Mlowo ziko juu ya meta 1,500, na milima ya Bundali wilayani Ileje hupanda zaidi ya meta 2,000. Huko juu joto la usiku katika kipupwe huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Sakitu yenyewe si mgeni wa kila mwaka kama ilivyo kwenye uwanda wa Kitulo wilayani Makete, ulio juu ya meta 2,600, au kwenye mashamba ya chai ya Mufindi. Lakini mwenye kitalu hahitaji kufikiwa na barafu ili apate hasara. Nyanya ikilala siku nyingi chini ya nyuzi 10 hudumaa, na chavua yake hupungua nguvu. Pilipili hoho na tango huumizwa na baridi upesi kuliko nyanya. Miche ya parachichi iliyobebeshwa karibuni huumia joto likikaribia sifuri, na miche michanga ya kahawa vivyo hivyo. Kahawa ndiyo iliyoipa Mbozi jina, na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, ina kituo chake Mbimba.

Kwa hiyo mwenye kitalu huamua kwanza anataka nini. Kuzuia barafu tu maana yake ni kuhakikisha joto la ndani halishuki chini ya nyuzi 5. Kutaka mimea iendelee kukua usiku kana kwamba ni Novemba ni jambo jingine, na gharama yake hupanda haraka: nje kukiwa na nyuzi 1 chini ya sifuri, kufikisha ndani nyuzi 11 hula umeme mara mbili ya kufikisha nyuzi 5.

Vitalu nyumba vingi vya Tanzania vilijengwa kwa lengo la kutoa joto nje. Kuta ni neti ya kuzuia wadudu, na paa lina mwanya juu wa kupitishia hewa ya moto. Kuweka hita humo ni sawa na kuota moto uwanjani. Kabla ya kununua chochote, kuta za neti hupewa mapazia ya nailoni yanayoshushwa jioni na kukunjwa asubuhi, na mwanya wa paa huzibwa. Hata hivyo nailoni moja haitoshi, kwa sababu nailoni ya kawaida hupitisha joto linalopotea kwenda angani. Usiku mtulivu, kitalu kilichofungwa bila hita huweza kuwa na baridi kuliko nje. Tabaka la pili la nailoni, likiachwa sentimeta chache kutoka la kwanza, hupunguza upotevu wa joto kwa takriban theluthi moja, na bei yake ni ndogo kuliko umeme wa msimu mmoja.

Ukubwa wa hita hukadiriwa kwa kuzidisha vitu vitatu: eneo lote la nailoni, kuta na paa, kwa meta za mraba, tofauti ya joto kati ya ndani na nje, na wati 6 hadi 7, ambazo ndizo hupotea katika kila meta ya mraba ya nailoni moja kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Kitalu cha miche chenye urefu wa meta 6, upana wa meta 3 na kuta za meta 2 kina meta za mraba kama 56 za nailoni. Nje kukiwa na nyuzi 1 chini ya sifuri na ndani kukitakiwa nyuzi 5, tofauti ni nyuzi 6, na hesabu inatoa wati 2,000 na ushei. Hita ya kilowati 2 hapo inafanya kazi mwisho wa uwezo wake. Tabaka la pili la nailoni ndilo linaloipa nafasi ya kupumua.

Hita hiyo ikiwaka saa nane mfululizo hutumia uniti 16. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO anayelipa takriban shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo, ni kama shilingi 5,700 kwa usiku. Aliye kwenye kundi la wateja wadogo, wanaopewa bei nafuu kwa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, atazimaliza uniti hizo kwa usiku tano. Baada ya hapo mita ya LUKU itakula pesa kwa kasi asiyoizoea. Bahati nzuri ni kwamba hita yenye kidhibiti joto haiwaki usiku kucha, na usiku mwingi wa Tunduma haifiki hata hatua ya kujiwasha.

Kitalu cha sokoni, cha meta 8 kwa 30, ni habari nyingine kabisa. Nailoni yake hufikia meta za mraba kama 500, na kwa baridi ileile kinahitaji takriban kilowati 20. Hizo ni zaidi ya shilingi 50,000 kwa usiku mmoja, tena kwa umeme wa njia tatu. Hakuna nyanya ya Mlowo itakayozirudisha. Vitalu vikubwa hupashwa joto pale tu penye joto la bei ya chini, kama Naivasha nchini Kenya. Huko shamba la maua la Oserian lilianza mwaka 2003 kutumia joto la kisima cha mvuke cha Olkaria lilichokikodi kutoka kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, KenGen, na likapasha takriban hekta 50 za vitalu, hasa kukausha unyevu wa usiku unaoleta ukungu kwenye waridi. Songwe nayo ina chemchemi za maji ya moto kando ya Mto Songwe unaoelekea Rukwa, na kampuni ya serikali ya jotoardhi, TGDC, imezifanyia utafiti. Ila ziko bondeni, chini ya uwanda wa Mbozi wenye baridi.

Basi hita ya umeme ni kifaa cha miche. Inayofaa zaidi ni yenye feni, kwa kuwa huzungusha hewa na kuzuia baridi isitulie chini huku joto likikaa darini. Huwekwa karibu na mlango, juu ya tofali ili maji ya umwagiliaji yasiifikie, ikipuliza kwenye njia ya kupita na si kwenye majani. Majani yaliyo mbele ya feni hukauka kingo. Hita ya oili haina kelele ila hupasha upande mmoja. Waya wa joto unaofukiwa kwenye mchanga chini ya trei hutumia umeme mdogo kuliko zote, maana hupasha mizizi tu. Ukifunikwa na kibanda kidogo cha nailoni ndani ya kitalu, wati 200 zinaweza kutosha pale ambapo 2,000 zilihitajika.

Kidhibiti joto cha hita za madukani mara nyingi huandikwa namba 1 hadi 6 bila kutaja nyuzi, kwa hiyo hakiaminiki peke yake. Kipimajoto kinachokumbuka kiwango cha chini kabisa cha usiku hutundikwa kwenye usawa wa miche, mbali na upepo wa hita, na namba hurekebishwa kila asubuhi kulingana na kilichosomwa.

Suala la nyaya halitaki mzaha. Kitalu kina maji, udongo mbichi na watu waliovaa ndala. Hita ya kilowati 2 huvuta karibu ampea 9, mzigo unaoyeyusha ekstensheni nyembamba za dukani. Fundi mwenye leseni ndiye huvuta waya wa milimeta za mraba 2.5 kutoka kwenye swichi kuu, huweka waya wa ethi, na hufunga kifaa kinachokata umeme mara unapovuja. Soketi huwa ya nje, yenye kifuniko, juu ya urefu wa bomba la kumwagilia. Hita za sebuleni hazikutengenezwa kwa unyevu. Ya kununua ni iliyoandikwa kuwa inahimili matone ya maji.

Umeme hukatika, na kawaida hukatika usiku uleule ambao hita inahitajika. Wengi hukimbilia jiko la mkaa. Ndani ya nailoni iliyofungwa, mkaa hutoa hewa ya sumu inayoua mtu kimyakimya, na moshi wake una gesi ya ethilini inayokunja majani ya nyanya na kudondosha maua. Akiba salama ni maji. Pipa la lita 200 lililopakwa rangi nyeusi na kuachwa juani ndani ya kitalu, likipoa kutoka nyuzi 20 hadi 5, hutoa joto sawa na uniti tatu na nusu za umeme. Mapipa matatu yaliyopangwa upande wa kusini wa kitalu, yasiitilie miche kivuli, hubeba sehemu kubwa ya mzigo wa usiku bila LUKU. Udongo uliomwagiliwa asubuhi nao hushika joto kuliko mkavu.

Mapazia hushushwa saa kumi jioni, jua likiwa bado lina nguvu ya kuacha joto ndani, na hufunguliwa saa tatu asubuhi hata kama nje bado kuna ubaridi. Kitalu kinachofungwa mchana kutwa hulowa, na bakajani chelewa huingia ndani ya siku chache na kumaliza miche ambayo baridi ilishindwa kuimaliza. Agosti ikiisha hita husafishwa vumbi, hukunjwa waya wake na kuwekwa mahali pakavu. Huwashwa kwa majaribio mwishoni mwa Mei, kabla ya baridi kuingia, ili kama imekufa kuwe na muda wa kununua nyingine Mbeya au Tunduma.