Farasi Aliyestaafishwa: Je, Arudishwe Mbioni?

Mwaka 1862 msafiri James Grant alibaki Karagwe, kwa Mtawala Rumanyika, kwa ugonjwa wa mguu. Alipoondoka alibebwa na watu kwa machela. Farasi hawakuwapo. Mbung'o hueneza nagana, maradhi yamwuayo farasi upesi. Hata leo mfugaji wa Karagwe au Kyerwa humjua ng'ombe wa Ankole kuliko farasi. Lakini huko Nairobi, katika uwanja wa Ngong uliofunguliwa mwaka 1954, farasi hushindana, na swali huzuka: je, aliyekwisha kustaafishwa aweza kurudishwa mbioni?

Jibu limo mguuni. Chini ya goti la mguu wa mbele farasi hana misuli, bali kano ndefu zivutikazo na kurudi kama mpira. Kano ikichanika hupona polepole sana, tena kwa kovu lisilovutika kama nyuzi za awali. Mnyama huacha kuchechemea mapema, ilhali ndani hajapona. Akikimbizwa, kano yaweza kuchanika tena. Mfupa nao, usipofanyishwa kazi, hupungua uimara.

Kwa hiyo, aliyestaafishwa kwa jeraha la kano asirudishwe mbioni. Aliyepumzishwa akiwa mzima aweza kurudi, mradi daktari wa mifugo ampime, na mazoezi yaongezwe kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Mfugaji yeyote atalielewa jambo hili: ng'ombe achechemeaye hapelekwi malisho ya mbali. Farasi hana ulimi wa kukataa. Naye akianguka, huanguka pamoja na mpandaji wake.