Tangawizi ya Mzazi

Kwa wazee wetu wa Unguja, mwanamke akishajifungua, adui yake mkubwa ni baridi. Ndiyo maana siku arobaini za uzazi huendeshwa kwa joto: hukandwa maji ya moto, hufungwa mkaja tumboni, na chakula chake lazima kiwe na ukali wa viungo. Maji ya baridi hapewi hata akiyalilia. Katika mpango huo wote hakuna kinachotumika mara nyingi kama tangawizi.

Aghalabu mimba ya kwanza mwari hurudi kwao kujifungulia, na mpishi huwa mama yake. Tangawizi mbichi haimenywi, huparwa kwa ubapa wa kisu ganda tu litoke, kisha hutwangwa kwenye kinu kidogo mpaka nyuzi ziachane. Maji yake humiminwa katika supu ya kuku wa kienyeji, pamoja na pilipili manga na kitunguu thomu. Bibi yangu alikuwa na kipimo chake: ukali upande puani, usikwaruze koo. Alionja mwenyewe kwanza, ndipo akamkabidhi mzazi bakuli: "Kunywa mwanangu, baridi itoke." Kwa chai ya jioni alitumia kavu, tena kidogo sana, maana kavu ni kali zaidi. Hakukosea. Tangawizi ikikauka, jinjeroli iliyomo hugeuka shogaoli, na hiyo huwasha kuliko mwenzake.

Elimu hii ina asili ndefu. Kuyapima magonjwa kwa joto na baridi ni msingi wa tiba ya Kiyunani, ambayo Waarabu waliilea na kuieneza katika nchi za Bahari ya Hindi. Tangawizi nayo ilitoka Asia. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali uliosindikizwa na tangawizi mbichi. Na Qur'ani, katika Surat al-Insan, inataja kinywaji cha peponi kilichochanganywa nayo. Kwa Waislamu wa pwani hiyo ni heshima isiyo ndogo.

Nje ya chumba cha mzazi matumizi ni mengi: chai yenye limau na asali kwa mafua, maji yake ya moto kwa tumbo la hedhi, kipande cha kutafuna kwa anayevuka mkondo wa Nungwi kwenda Pemba. Hilo la kichefuchefu cha baharini Shirika la Afya Duniani lililikubali katika kitabu chake cha mimea ya dawa cha mwaka 1999.

Kinachonisikitisha ni kwamba siku hizi tunanunua unga wa paketi, tunautia kijiko kizima, na kipimo hatumuulizi mtu. Dawa imebaki, ujuzi wa kuitumia unazikwa na wenyewe. Ningependa kila binti mwenye bibi aliye hai akae naye jikoni, aandike: mbichi kiasi gani, kavu kiasi gani, siku ya ngapi ipunguzwe.

Aandike pia mipaka yake. Wakunga wa jadi niliowajua hawakuifanya tangawizi kuwa dawa ya kila kitu. Mzazi akitokwa na damu nyingi, au homa ikimpanda, walikuwa wa kwanza kusema gari litafutwe, apelekwe hospitali usiku huohuo.