KISAHANI CHA MAJIVU NDANI YA GARI LA ZAMANI
Moto uwe na mahali pake, pua ibaki macho

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesafiri na watoto,

Magari mengi ya zamani yalitoka kiwandani na kisahani cha majivu ndani ya tablo. Miaka imepita. Kisahani kimevunjika, kimepotea, au kimegeuzwa sanduku la misumari na sarafu. Lakini sigara bado inawashwa ndani ya gari lile lile. Kipisi kinakwenda wapi? Kinakanyagwa sakafuni, kinasukumwa ndani ya chupa ya plastiki, au kinatupwa dirishani. Njia zote tatu ni mbaya. Leo tunaeleza namna ya kuweka kisahani kizuri, na namna ya kuondoa harufu ya moshi iliyoshika ndani ya gari.

Wengine watauliza: «Kama tumbaku ni mbaya, mbona mnatufundisha kuiwekea kisahani?» Swali ni la haki. Jibu lake liko ndani ya ndege.

Tarehe 11 Julai 1973, ndege ya kampuni ya Varig iliyotoka Rio de Janeiro ilishika moto karibu na Paris. Moto ulianzia chooni, na wachunguzi walifikiri kwamba huenda ulitokana na sigara iliyotupwa ndani ya pipa la karatasi. Kati ya watu 134 waliokuwamo, 123 walikufa. Tangu hapo serikali ya Marekani ikaamuru kwamba ndani ya ndege pawe na kisahani cha majivu mlangoni pa choo. Leo kuvuta ndani ya ndege kumekatazwa, lakini kisahani kingali pale. Kwa nini? Kwa sababu siku mtu mmoja akivunja sheria, lazima moto upate mahali pa kufia. Kisahani si ruhusa ya kuvuta. Ni chombo cha kuzuia moto, kama ndoo ya mchanga kwenye karakana.

HATARI IKO WAPI?

Fikiri gari la kazi la zamani linalotoka Kisangani kwenda Yangambi. Njia ni karibu kilomita 100, ndani ya msitu. Kwa kuwa mafuta hayapatikani kila mahali, mara nyingi shofa anabeba bidoni ya akiba. Nyuma kuna godoro, turubai, magunia na watu. Ndani ya gari kama hili, kipisi kimoja kina njia tatu za kuleta msiba.

Kwanza, esansi. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi, unashuka na kulala sakafuni, mahali pale pale ambapo vipisi vinaangushwa. Ncha ya sigara inapovutwa inapita digrii 700 za joto, na ulimi wa kiberiti ni hatari kuliko ncha hiyo. Tukumbuke kijiji cha Sange, katika Kivu ya Kusini: tarehe 2 Julai 2010 gari la mafuta lilipinduka, esansi ikamwagika, ikashika moto, na watu zaidi ya 230 wakafa. Esansi iliyomwagika haihitaji moto mkubwa ili kuua.

Pili, viti. Sponji ya kiti haiwaki mara moja kila wakati. Kipisi kinaweza kuingia katika mkunjo wa kiti na kuungua polepole kwa saa nyingi bila ulimi wa moto, huku kikitoa gesi ya sumu. Shofa amekwisha kulala, gari linaungua peke yake.

Tatu, dirisha. Kipisi kinachotupwa dirishani hakifiki barabarani daima. Upepo wa gari unakirudisha nyuma, juu ya turubai, juu ya godoro, au juu ya mtoto aliyekaa nyuma. Kikifika majani makavu pembeni, kinaweza kuwasha msitu, na msitu wa Yangambi ni hifadhi inayotambuliwa na UNESCO tangu miaka ya 1970.

NAMNA YA KUWEKA KISAHANI

1. Chagua kisahani cha chuma chenye kifuniko. Plastiki inayeyuka, mbao inaungua. Kopo la sardini lisilo na kifuniko linamwaga majivu penye shimo la kwanza. Kopo dogo la bati nene lenye kifuniko cha bawaba linafaa sana.

2. Chagua mahali. Pawe penye chuma imara cha tablo, mahali ambapo shofa anafika bila kuinama na bila kuacha kutazama njia. Pasiwe karibu na volani, wala mahali ambapo goti litagonga siku gari likisimama ghafula.

3. Usitoboe sanduku la kiti. Jambo hili ni kubwa kwa magari ya zamani. Katika Land Rover fupi za Series II na III, tangi la esansi liko chini ya kiti cha mbele. Katika Toyota Land Cruiser FJ40 nyingi za miaka ya 1960 na 1970, tangi liko chini ya kiti cha abiria. Katika Volkswagen ya mgongo wa kobe, batri iko chini ya kiti cha nyuma. Mtu anayetoboa bila kutazama anatafuta tangi kwa keke yake.

4. Tenga batri. Ondoa waya wa upande wa kasoro (−) kabla ya kuanza. Kisha tazama nyuma ya tablo kwa mkono na kwa taa: kuna nyaya? kuna mipira ya maji? Waya uliozeeka ukiguswa na keke unaweza kuleta moto ule ule tunaoukimbia.

5. Toboa matundu mawili madogo, lainisha kingo kwa tupa, funga kwa bolti, washa na nati. Usitumie gundi, kwa sababu joto na mtikisiko vitaishinda. Ni vizuri kisahani chenyewe kiweze kuchomolewa katika kishikio chake ili kioshwe.

6. Tia mchanga mkavu, kina cha kidole kimoja kwa upana. Mchanga unanyima moto hewa. Maji yanamwagika njiani, na maji ya vipisi yana sumu ya nikotini.

7. Mwaga kila jioni, na hakikisha kwanza kwamba vipisi vimepoa. Vitie maji ndani ya kopo, kisha uvitupe ndani ya shimo la taka. Usivimwage ndani ya kikapu cha karatasi. Usiviache mahali mtoto mdogo anapoweza kuviokota: mtoto akila vipisi anaweza kupata sumu ya kumpeleka hospitali.

Kisahani kikijaa karatasi za peremende, si kisahani tena, ni jiko.

HARUFU SI JAMBO LA ADABU TU

Watu wengi wanafikiri harufu ya tumbaku ni jambo la kupendeza au kuchukiza tu. Sisi wa kazi tunaijua pua kwa namna nyingine. Katika gari la zamani, pua ni chombo cha usalama. Gari hilo halina taa ya kuonya kila kitu. Ni pua inayosema: esansi inavuja, waya unaungua, breki zimepata joto, moshi wa ekzozi unaingia ndani. Gesi mbaya kabisa ya ekzozi, monoksidi ya kaboni, yenyewe haina harufu. Tunaijua kwa sababu inasafiri pamoja na moshi mwingine unaonuka. Gari likijaa harufu ya tumbaku, onyo hilo linafichwa. Na moshi wa sigara pia unaleta monoksidi ya kaboni, hivyo shofa anapata mzigo mara mbili.

Tena harufu ni alama kwamba sumu imebaki. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na karibu 70 kati yake zinajulikana kuleta kansa. Moshi ukiondoka, nikotini na lami vinabaki juu ya kioo, dari, nguo za viti na mikono ya mtoto anayezigusa. Ule utando wa kahawia unaoupangusa kwenye kioo, kiasi chake kimeingia katika mapafu. Kufungua dirisha kunapunguza moshi, hakuuondoi.

Kwa mfanyakazi wa mgodi hesabu ni nzito zaidi. Mapafu yaliyokwisha kupokea vumbi la mawe yamechoka. Vumbi hilo linaongeza hatari ya kifua kikuu, na tumbaku nayo inaiongeza.

KUSAFISHA: KAZI YA SIKU MBILI

Yangambi inapata karibu milimita 1,800 za mvua kwa mwaka, na hewa yake ina unyevu siku nyingi. Katika nchi kama hiyo harufu ya zamani inaamka kila nguo ya kiti inapolowana. Kwa hiyo chagua siku ya jua, na ufuate utaratibu huu:

Siku ya kwanza, asubuhi. Fungua milango yote. Toa mazulia, vifuniko vya viti na kila kitu kilichofichwa chini ya viti. Tafuta vipisi katika mikunjo. Fagia vizuri. Fua vitambaa kwa sabuni na uvianike juani.

Mchana. Osha vioo, tablo, milango na volani kwa maji ya moto kidogo, sabuni na siki kidogo. Siki inasaidia kuvunja nikotini. Badilisha maji yanapogeuka kahawia. Dari ya kitambaa ipanguse kwa kitambaa kilichokamuliwa. Ukiilowesha sana, gundi inaachia na dari inashuka juu ya vichwa.

Jioni. Nyunyiza bikarbonati ya soda juu ya viti vikavu, uiache usiku mzima. Asubuhi ipige brashi na uitoe. Kama huna bikarbonati, tia makala yaliyopondwa ndani ya makopo yenye matundu, uyaweke chini ya viti kwa siku kadhaa. Lakini makala yawe ya baridi kabisa, yasiyo na kaa hata moja.

Siku ya pili. Safisha matundu ya hewa. Kama gari lina chujio la hewa ya ndani, libadilishe, kwa maana harufu nyingi inakaa humo. Kisha acha gari juani, milango wazi, mpaka sponji ikauke hadi ndani.

Mambo matatu usifanye kamwe:

— Usioshe viti kwa esansi. Inatoa doa, ndiyo, lakini mvuke wake unabaki ndani ya sponji ukingoja kiberiti.

— Usichanganye maji ya javeli na siki. Yanatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

— Usimwage manukato juu ya harufu mbaya. Manukato hayaondoi kitu. Yanaifunga pua mara ya pili.

SHERIA YA NDANI YA GARI

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga mwaka 2005 na mkataba wa Shirika la Afya Ulimwenguni juu ya tumbaku. Mkataba huo unataka watu walindwe na moshi katika mahali pa kazi palipofungwa na katika vyombo vya kuchukua abiria. Gari la kazi ni mahali pa kazi. Uingereza nayo ilikataza tangu Oktoba 2015 kuvuta ndani ya gari la faragha lenye mtoto aliye chini ya miaka 18. Sisi tusingoje polisi atufundishe kuwapenda watoto wetu.

Tukubaliane basi:

Hakuna sigara gari likiwa na bidoni ya esansi, wakati wa kutia mafuta, au karibu na baruti.

Hakuna sigara ndani ya gari lenye mtoto, mama mjamzito au mgonjwa.

Anayetaka kuvuta anangoja gari lisimame, anashuka, anakwenda mbali na mafuta, na anaporudi anazimia kipisi chake katika kisahani.

Shofa ndiye mkubwa wa gari. Hata akimbeba mkuu wa kazi, akisema «hapa hatuvuti», asionekane mkosaji wa heshima. Amelinda roho za watu wote.

Na wewe ndugu unayetaka kuacha kabisa, zungumza na mganga wa zahanati. Ukifaulu, usikitupe kisahani chako. Kiache mahali pake, safi, na mchanga ndani yake. Ipo siku atapanda mgeni mwenye sigara mkononi.

Moto usio na mahali pake unajitafutia mahali.