Sauti /l/ na /r/ katika Ramani ya Kijerumani ya Rungwe

Ramani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyoanzishwa na Richard Kiepert na kuendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel, ilichorwa kwa skeli ya 1:300,000: sentimita moja ya karatasi ni kilomita tatu za ardhi. Kwa mtafiti wa majina ya mahali, ramani za enzi hiyo ni hazina, lakini si ushahidi wa moja kwa moja wa matamshi.

Tabaka la kikoloni ni rahisi kulitambua. Tukuyu iliitwa Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya, kwa kuwa Langenburg ya kwanza ilikuwa Lumbila, kando ya Ziwa Nyasa. Jina hilo lilimuenzi Hermann wa Hohenlohe-Langenburg, na lilitoweka pamoja na utawala uliolileta. Halimsumbui mwanaisimu.

Kinachosumbua ni herufi. Kinyakyusa hakina fonimu /r/. Kina /l/ tu. Hata hivyo, mlima wenye kimo cha takriban mita 2,960 uliandikwa Rungwe. Kituo cha misheni ya Wamoravian, ambacho jina lake limetokana na *ulutengano*, ‘amani’, kiliandikwa Rutenganio, ilhali mto Lufilyo uliandikwa Lufirio. Silabi ileile ya mwanzo ni *Ru* katika jina moja na *Lu* katika jingine. Na ndani ya Lufirio peke yake, fonimu moja imepewa herufi mbili. Atakayeona hapa dalili ya mabadiliko ya sauti katika Kinyakyusa atakuwa ameandika historia ya sikio la mgeni. Kijerumani hutofautisha /l/ na /r/, na ndivyo kifanyavyo Kiswahili, lugha ya mawasiliano ya utawala huo. Yamkini kila tamko lililazimika kupangwa upande mmoja.

Upande wa irabu hasara ni kubwa zaidi, kwani lugha yenye irabu saba iliandikwa kwa herufi tano. Tahajia ya Kiejo nayo ina mtego wake: *j* ya Kijerumani husomwa *y*, na hadi leo Kiejo, Kyejo na Kieyo hutumika kwa mlima uleule.

Makosa haya hayakubaki kwenye karatasi. Lutengano imerejea katika matumizi, lakini Rungwe ndiyo tahajia rasmi ya wilaya, na Mnyakyusa atamkaye *Lungwe* huenda akasahihishwa, kana kwamba yeye ndiye aliyelikosea jina la mlima wake.