Anayerudia Kuumiza Watu Hapungwi Pepo

Kila kijana anapotoka gereza la Mpimba na kumjeruhi mtu tena, kuanzia Buyenzi hadi Kinama, mitaa ya Bujumbura, huzuka swali lile lile: ana pepo au ana wazimu? Swali hilo humtafutia mhalifu udhuru kabla mtu yeyote hajauliza alimpiga nani, saa ngapi, na akiwa na akina nani.

Tuanze na pepo, kwa kuwa ndiye anayekula pesa za familia. Pepo gani huyu anayemvunja mke mkono usiku, na asubuhi anamwamkia bosi kwa adabu zote? Mbona humpiga mdeni asiye na ndugu, lakini akiona sare ya polisi hutulia? Anayechagua wa kumpiga anapiga hesabu.

Jambo hili limewahi kupimwa mahakamani. Dominic Ongwen wa Uganda alitekwa na waasi wa LRA akiwa mtoto wa miaka tisa hivi, akapanda vyeo hadi kuongoza brigedi. Mjini The Hague mawakili wake walidai kwamba alikuwa mgonjwa wa akili, na kwamba aliishi chini ya hofu ya kiongozi wa LRA, Joseph Kony, na nguvu za mizimu yake. Tarehe 4 Februari 2021 majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) walizikataa hoja zote mbili. Waliona kamanda aliyepanga mashambulizi na ambaye mara nyingine hakutii amri za Kony. Mashahidi waliowahi kuishi msituni walieleza kuwa imani ya mizimu iliwashika sana watoto waliotekwa karibuni, kisha ikafifia kadiri miaka ilivyopita. Ongwen alitiwa hatiani kwa makosa 61. Utoto wake haukupuuzwa: ni moja ya sababu za kupewa miaka 25 badala ya kifungo cha maisha.

Sala hufariji, na hakuna anayeikataza. Hatari ni yule mpungaji anayetangaza mbele ya ukoo kwamba shetani ametoka. Mpigaji anaondoka hana deni, mke anaambiwa arudi nyumbani, na majirani wanaacha kumwangalia. Mwezi unaofuata anapigwa mtu mwingine, na mpungaji anaitwa tena kwa malipo mapya!

Na wazimu? Nchini Sweden, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kuwa maradhi makali ya akili yanahusika na takriban asilimia 5 tu ya uhalifu wa kutumia nguvu. Wagonjwa wengi hawamgusi mtu.

Jibu lenye uzito zaidi limetafutwa hapa hapa Burundi. Anselm Crombach na Thomas Elbert, wa Chuo Kikuu cha Konstanz, walichunguza vijana waliokulia barabarani, na timu yao ikawahoji pia wanajeshi na wapiganaji wa zamani. Walichokuta hakipendezi kusikia: kwa baadhi yao, kuumiza kuna raha. Anayeanza kupigana kwa hofu, akishinda, akasifiwa na wenzake na kuondoka na chakula, mwili wake hujifunza kuutamani ushindi ule. Katika nchi iliyoingia vitani mwaka 1993, wengi walipata somo hilo wakiwa wadogo. Ukiongeza kipigo cha nyumbani, pombe, na kundi linalocheka damu ikimwagika, kurudia si ajabu. Mpimba, iliyojengwa kwa watu wapatao 800 na kujazwa maelfu, humrudisha mfungwa kwenye kundi lile lile.

Cha kufanya kipo. Anayesikia sauti au kuona visivyokuwepo apelekwe kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge. Asiye mgonjwa asimulie maisha yake yote kwa mtaalamu, aliyotendewa na aliyotenda pamoja na raha aliyoipata; vijana waliokulia barabarani waliopewa tiba hiyo Burundi waliripoti makosa machache kuliko wenzao. Atengwe na kundi, aache pombe, apate kazi yenye msimamizi. Mke asirudi kwa sababu ya ahadi. Na ikiwa ukatili ni wa ubakaji, aliyebakwa afikishwe kituo cha Seruka siku hiyo hiyo, kwa kuwa dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi hazisaidii zikianzwa baada ya saa 72.